Anza na ya Watu

Hivi wewe, mwanao akiwa fundi na kitu chako kikaharibika, unakaa foleni na wateja au unapita mbele?

Usinijibu upesi. Mimi niliulizwa swali hilo na fundi mwenyewe, nikajibu upesi, nikarudia kulijibu vilevile mpaka hakukuwa na wa kuniuliza tena.

Mwanangu Yotham alikuwa akitengeneza redio, pasi, feni, majagi ya umeme na kila kilichokuwa na waya. Fremu yake ya biashara ilikuwa Kizota, katikati ya wachomelea mageti na mashine ya kukoboa. Alikuwa humo na mwenzake Ambokile, Mnyakyusa aliyekuja Dodoma kufuata ujenzi wa maofisi, akamwona Yotham akifufua feni, akaacha sepetu. Juu ya mlango waliandika kwa rangi nyekundu: USITUPE, TULETEE. Nafasi iliwaishia kabla maneno hayajaisha, kwa hiyo ile E ya mwisho ilijibana kwenye kona ya ukuta kama mtu aliyechelewa ibada. Kila nilipofika pale niliitazama nikacheka.

Mimi nakaa Nzuguni, upande mwingine wa mji, tangu tulipokuwa tukilima uwele pale ambapo leo kuna nyumba za vigae. Baba yake Yotham alipofariki aliniachia nyumba, jembe na redio. Nikueleze hiyo redio. Ilikuwa ya kaseti, ndefu kama mtoto mchanga ukimlaza, na ina spika mbili za duara huku na huku kama macho ya bundi. Kitufe cha kurudishia kaseti kilikuwa kimeng'oka, nikapachika kifuniko cha kalamu ya bluu, kikakaa kana kwamba kilizaliwa pale. Niliifumia kitambaa cha maua ya njano ili vumbi lisiingie. Asubuhi ilinisomea habari, mchana ikanipa salamu za watu nisiowajua, Jumapili ikaniimbia kwaya kabla sijaenda kuisikia kwaya yenyewe kanisani. Ilikuwa nzito. Hukuweza kuihamisha bila kuikumbatia.

Ilinyamaza asubuhi moja nikiwa napepeta uwele. Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti, ikakata, na ikaja harufu kama ya nywele zinazoungua.

Yotham alikuja baada ya ibada. Akaigeuza, akaweka pua nyuma yake na kunusa, kama unavyonusa maziwa kujua kama yameganda.

"Yaya," akaniambia. Kwetu Wagogo mama ni yaya, na hata alipoota mvi mbili tatu hakuacha kuniita hivyo. "Hii haijafa. Imezimia tu."

"Itaamka?"

"Jumamosi nakuletea ikiimba."

Tukaifunga kwenye kanga yangu ya zambarau, akaibeba mikono miwili mpaka kwenye pikipiki. Kitambaa cha maua kilibaki juu ya meza. Nikakiacha palepale, kwa sababu Jumamosi si mbali.

Jumamosi ikaja, redio haikuja. Sikumlaumu. Fremu ile ilikuwa haina pumzi. Maofisi yalihamia mji huu na watu wake, na watu wakaja na vitu vyao, na vitu vikaja na kufa kwao. Mtu feni yake ikikwama kidogo anaitupa jalalani, akanunue nyingine. Nyuma kule jalalani vijana huchoma waya wapate shaba, na ule moshi mweusi ukikuingia kifuani unakohoa mpaka kesho yake. Yotham akiuona moshi ule alikuwa hatulii. Atashuka kwenye pikipiki, atabishana nao, atawaomba, atarudi na kiroba cha vitu vilivyookolewa motoni. "Yaya, mtu anachoma feni ambayo inadai kipande cha bushi tu," ataniambia, na sura yake utadhani ameona mtu akichoma ghala la mahindi.

Vile ambavyo kweli vilikuwa havina uzima, walikuwa wakivichinja. Ndivyo mafundi wanavyosema. Unachukua kitu kilichokufa, unatoa viungo vyake vizima, unavitia kwenye kitu kingine kikaishi. Kwenye kuta za ile fremu kulikuwa na makopo ya viungo hivyo, kopo la swichi, kopo la mikanda, kopo la vinati vidogo kama mbegu za mchicha.

Nilikuwa nikiwapelekea chakula. Ugali wa uwele nimeufunga kwenye kitambaa, na mlenda kwenye bakuli lenye mfuniko. Yotham ataweka chini bisibisi, atanawa kwa sabuni ya unga, na Ambokile ataanza maneno yake.

"Mama, huu mlenda wenu hauna adabu. Unaukamata hapa, unatokea kule."

"Wewe ndiye huna mkono," namwambia. "Umezoea ndizi, zinakungoja."

Wakimaliza kula, Yotham atafuta mikono kwenye suruali, atatazama juu kwenye rafu ambako kanga yangu ya zambarau ilikuwa imekaa, ataniuliza: "Yaya, leo nianze na yako?"

Na ndipo mtu atakapotokea mlangoni. Kila mara. Siku nyingine alikuwa Naima, binti wa ofisini, mwenye ushungi mzuri na brenda mkononi.

"Shikamoo mama. Fundi, ile 'kesho' uliyoniambia ni ya mwaka gani?"

"Dada Naima, kesho yenyewe ndiyo leo," Yotham akamjibu. "Kaa hapo."

"Nimekaa hapo mpaka kiti kimenizoea. Nina wageni jioni, fundi, nitawasagia juisi kwa meno?"

Tukacheka sote. Yotham mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye fundo la kanga. Akanitazama. Mimi nikasema yale niliyokuwa nikiyasema siku zote.

"Anza na ya watu, mwanangu. Mimi nipo."

Akaushusha mkono, akachukua brenda. Nami nikakusanya bakuli langu nikaenda zangu Nzuguni, kwenye nyumba ambamo wanasikika kuku tu.

Usidhani alinisahau. Alikuwa akija kila Jumapili, ananichotea maji, anapanda juu ya bati kugongelea misumari. Akikiona kile kitambaa cha maua mezani kimelala bila cha kufunika, anakikunja, anakikunjua, anakirudisha. "Yaya, yako imebaki kidogo tu," alikuwa akisema. Nikamwamini. Kidogo tu ni kufunga kifuniko. Kidogo tu ni kukaza vinati.

Mvua za kwanza zilipoanza alikwenda Kibaigwa. Wafanyabiashara wa mahindi kule walikuwa wakimwekea vitu vyao vibovu, mizani za umeme, redio za vibandani, ili asiwakute wameshavitupa. Alikuwa akirudi na kiroba nyuma ya pikipiki. Barabara ilikuwa imelowa na malori yalikuwa yakitoka sokoni na mizigo. Hapo nitapaacha hivyo. Nimeshapaeleza kwa trafiki, kwa mchungaji na kwa kila aliyekuja kukaa mkekani, na kila nikipaeleza narudi nikiwa nimepungua.

Tulimzika Nzuguni, karibu na baba yake. Kwaya ya kanisa ilileta spika zake, wakazifunga juu ya nguzo mbili, na walipoanza kuimba sauti ilitoka nzito, safi, haikukwaruza hata kidogo. Nilikuwa nimeshikwa mikono na wanawake wawili, lakini sikio ni kitu cha ajabu, lenyewe halijui msiba. Sikio langu likaniambia, sauti hii unaifahamu. Nikaliambia linyamaze.

Siku ya kumaliza matanga wazee waligawa vitu vyake, ndivyo tunavyofanya. Koti akachukua mdogo wa baba yake, Mazengo. Viatu vikaenda kwa binamu. Mazengo akanigeukia.

"Mama Yotham, wewe unataka nini?"

"Chochote mtakachonipa, shemeji."

Wakanipa sweta la kijani, viwiko vimetoboka. Nilikuwa nikiitaka redio. Lakini ile redio ilikuwa yangu tayari, na mtu anaombaje kilicho chake mbele ya watu wanaolia? Nikajiambia, ipo Kizota, imebaki kidogo tu, pengine hata hicho kidogo alikwisha kukimaliza. Mwanangu hayupo, lakini nitawasha redio na ile sauti itakayotoka itakuwa imepita mikononi mwake. Kila kinati kitakuwa kimekazwa na yeye. Hicho ndicho nilichobaki nacho cha kungojea, na mimi kungoja naweza. Niulize nani anaweza kama mimi.

Mkwe wangu Frida, mjane wa Yotham, ana watoto wadogo na hakuwa na njia ya kuendelea na ile fremu. Mwenye fremu alitaka arudishiwe. Ambokile akapata kibaraza jirani, meza moja tu, haingebeba vyote. Basi wakatangaza kanisani na msikitini na kwa wachomelea mageti wote: mwenye kitu chake kwa marehemu Yotham aje achukue Jumamosi. Kitakachobaki kitaenda kwenye vyuma chakavu.

Nikasema, hatimaye ile Jumamosi yangu imekuja.

Nilifika kabla ya jua kukaza. Nikakaa kwenye kigoda chake, ambacho kilikuwa ni ganda la televisheni ya zamani lenye mto juu. Wakaja watu. Kila mmoja Ambokile alichukua kitu chake kwenye rafu, akakichomeka kwenye umeme mbele yake, kikawaka. Feni ikazunguka. Pasi ikapata moto. Mzee mmoja mwenye redio ya mkononi akaiweka sikioni, akatikisa kichwa, akatutazama mimi na Frida, akavua kofia.

Naima alikuja kuchukua pasi. "Aliimaliza?" akauliza taratibu, bila ule utani wake.

"Aliimaliza," Ambokile akasema.

Kila mtu aliuliza hivyo na kila mtu alijibiwa hivyo. Aliimaliza. Aliimaliza. Nami pale kwenye kigoda moyo ulikuwa ukinyanyuka kidogo kidogo kila nilipolisikia lile neno, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo. Nilikuwa nimekuja na kitambaa changu cha maua ya njano, nimekikunja kwenye mkoba.

Rafu zikaisha. Ikabaki kanga yangu ya zambarau kule juu kabisa, na vumbi lake. Ambokile akaanza kufagia.

"Ambokile," nikamwita.

"Naam mama."

"Na yangu."

"Hiyo niachie mama. Niiangalie kwanza, nitakuletea mwenyewe nyumbani."

"Iteremshe, baba."

Akapanda kwenye stuli. Akanyoosha mkono, akaishusha.

Aliishusha kwa mkono mmoja. Ile redio ilikuwa ya kukumbatiwa, nilikuambia. Nilijua palepale, kabla hajafungua fundo.

Frida akaja akachuchumaa karibu yangu. Tukafungua kanga. Juu ilikuwa ileile, imepanguswa hata, na kishikio chake. Pale penye macho ya bundi nikaona mashimo mawili, naona ndani mpaka kwenye kifuniko cha nyuma. Ambokile akaondoa kifuniko cha nyuma, hakikuwa na kinati hata kimoja. Ndani mlikuwa mtupu kama kibuyu. Palikuwa na alama za vitu vilivyokuwepo, vumbi limevichora mahali vilipokuwa vimekaa, na buibui mmoja. Na kile kifuniko cha kalamu ya bluu, amekibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kona, kisipotee.

"Zilienda wapi?" nikauliza.

Ambokile alikuwa amesimama na ufagio. "Mama, ilianza na mkanda wa kuzungushia kaseti tu," akasema. "Kuna mwalimu mstaafu, macho yamemwishia, anasikiliza Biblia ya kaseti. Mkanda wake ulikatika, na huwezi kuupata tena mjini. Yotham akasema, nauazima kwa yaya, nitauweka mwingine. Baadaye yule mwalimu mota nayo ikafa."

"Na transfoma?"

"Ya mama lishe hapa nyuma. Redio yake ndiyo inamwitia wateja."

"Na spika?"

Akatazama chini.

"Ambokile."

"Za kwaya, mama. Zao zilipasuka siku chache kabla ya Pasaka."

Basi sikio langu halikuwa limenidanganya. Redio yangu ndiyo iliyomzika mwanangu.

Frida akanishika goti. "Lakini kwa nini ya mama?" akamuuliza Ambokile, na sauti yake ilikuwa imekaza. "Humu mlikuwa mmejaa maredio. Kwa nini achinje ya mama yake?"

"Yale ni ya wateja, dada. Mengine wenyewe hawajaonekana miaka, lakini hakuyagusa. Nilimwambia mimi mwenyewe, chinja hii, mwenyewe kahama. Akaniambia, ng'ombe wa watu hachinjwi."

Hayo maneno ni yangu.

Baba yake Yotham alikuwa akitunza ng'ombe wa watu, desturi yetu hapa, unaachiwa ng'ombe wa mwenzako uwachunge miaka na miaka, unakunywa maziwa lakini ngozi si yako. Mwaka mmoja wa njaa, Yotham akiwa mdogo, alikuja akaniambia, yaya, wale ng'ombe wengi, tule mmoja. Nikamkalisha. Nikamwambia ng'ombe wa watu hachinjwi hata njaa ikikaa mlangoni. Ukitaka nyama, chinja wako. Tulikuwa na ndama mmoja tu wa kwetu, na tulimchinja, na Yotham alimlilia kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimlisha. Alikula huku akilia. Sikujua kama amelibeba lile neno mpaka Kizota.

Kwenye kona kulikuwa na kiroba. Nilikuwa nakiona tangu nilipofika, na nilikuwa najizuia. Ni kile cha Kibaigwa, trafiki walikirudisha na bado kilikuwa na tope.

"Kifungueni," nikasema. "Pengine alikuwa amenitafutia."

Frida akasema, "Mama, acha." Lakini Ambokile akakimwaga sakafuni. Mizani iliyopasuka kioo. Kichwa cha feni na mapanga yake. Rimoti mbili. Pasi isiyo na waya. Nikavitazama kimoja kimoja, nikavigeuza kwa ncha ya kiatu, halafu kwa mkono. Ambokile akachuchumaa, akakinyanyua kile kichwa cha feni, akakifuta tope kwa shati lake.

"Mama," akasema, "nadhani hii... hii alikuwa amekuletea wewe. Ya redio yako."

"Ambokile, mwanangu," nikamwambia. "Redio yangu haina panga."

Akakiweka chini taratibu. Akajifunika uso kwa mikono ileile yenye tope, na mimi nikamwekea mkono mgongoni kwa sababu nilikuwa karibu, na yeye ndiye aliyekuwa akilia.

Nje guta la vyuma chakavu lilikuwa limeshafika. Mwenye guta akachungulia, mtu mwenye adabu, amevua kofia. "Poleni sana. Hilo kasha nalo niweke? Plastiki nayo tunachukua."

Ambokile akajipangusa. "Haliendi," akasema. "Mama, nitaijaza upya. Nitatafuta kila kitu, spika, transfoma, vyote, nitazunguka mji mzima."

Nyuma ya mwenye guta alikuwa amesimama mama mmoja na mtoto mgongoni na jagi la umeme mkononi. Hakuwa na habari za msiba, alifuata ile rangi nyekundu juu ya mlango. "Hodi, fundi yupo?" akauliza. "Hili tangu jana halichemshi."

Ambokile akamtazama yule mama. Akanitazama mimi. Wallahi hakukusudia, lilimtoka tu, ni maneno ya fremu ile.

"Mama, nianze na yako?"

"Anza na ya watu," nikasema. Mdomo ulijibu wenyewe. Ambokile akaenda kupokea jagi.

Frida alikuwa bado amechuchumaa mbele yangu. Alikuwa ananitazama kama anayetazama kitu ndani ya kisima. Mimi nilikuwa nimetoa kile kitambaa cha maua, nakitandaza juu ya kasha tupu, nanyoosha pembe zake, na kila nikikinyoosha kinadidimia pale kwenye mashimo.

"Mama," akasema. "Wewe hujawahi kutuambia. Kwani ulitaka nini?"

Neno "chochote" lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Nilitaka akatae," nikamwambia. "Kila nilipomwambia anza na ya watu, nilitaka akatae. Mara moja tu. Aseme, hapana yaya, wewe kaa hapo, leo naanza na yako."